Shangazi Sindano na Otopailoti ya Nyota Tatu

Mwisho wa uwanja mdogo wa ndege, pale ambapo lami inakwisha na changarawe inaanza, palikuwa na banda la mabati, na katika pembe moja ya banda hilo palikuwa na meza ndefu ya mbao yenye taa ya kukunja shingo. Hapo ndipo alipofanya kazi mwanamke mmoja ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alitengeneza vipimo vya ndege: saa za kimo, saa za mwendo, dira, na kila chombo chenye mshale unaotetemeka nyuma ya kioo. Kwa sababu ya mishale hiyo, na kwa sababu ya ulimi wake pia, marubani walimbandika jina la Shangazi Sindano. Jina hilo halikumkera hata kidogo. Alisema afadhali kuitwa sindano kuliko kuitwa rubani.

Marubani aliwadharau kwa utaratibu, kama mtu anayemwagilia bustani: kila siku kidogo, bila kumsahau hata mmoja. Aliwadharau wale wanaogonga kioo cha saa kwa kidole, kisha mshale ukishtuka wanatangaza kwamba chombo kimepona. Aliwadharau wamiliki wanaonunua ndege iliyozeeka kuliko wao, wakaipaka mstari mwekundu ubavuni na kuiita ya kihistoria, ilhali nusu ya vyombo vyake vimekufa na nusu nyingine vinasema uongo. Mafundi wa injini nao hawakusalimika, kwa kuwa waliamini kwamba kitu kisichovuja mafuta si kazi. Lakini dharau yake nono, ile aliyoikunja na kuipiga pasi, aliihifadhi kwa ajili ya mtu mmoja tu, naye ni mdogo wake, tumbo moja, aliyejulikana uwanjani kote kwa jina la Kapteni.

Kapteni hakuwahi kuwa kapteni wa chochote chenye viti zaidi ya vinne. Kofia yenye utepe wa dhahabu aliinunua mwenyewe. Alimiliki ndege ya zamani yenye pangaboi moja, ambayo aliing'oa kiti kimoja cha nyuma ili apate nafasi ya kupakia, na kwa ndege hiyo alipeleka dawa na vipuri kwenye miji midogo iliyo nyuma ya milima. Aliruka peke yake, maana uzito wa rubani wa pili ungekula nafasi ya mzigo. Na kwa kuwa njia yake ilipita mawinguni, kanuni ya uwanja ilikuwa wazi: rubani aliye peke yake ndani ya wingu sharti awe na otopailoti iliyo nzima, yaani ile mashine inayoshika usukani ili yeye apate kusoma ramani na kuzungumza kwenye redio bila ndege kupinduka.

Sasa mkaguzi alikuwa njiani kuja. Angeruka pamoja na Kapteni, aitazame mashine ikifanya kazi, na akiikataa, Kapteni asingeruka tena peke yake. Kwa umri wake, tena tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi na kuumia bega la kushoto, hakuna kampuni ambayo ingemwajiri hata kurusha kishada.

“Dada,” alisema asubuhi hiyo, akiwa ameegemea meza ya Shangazi Sindano, “ni kitu kidogo tu. Uikazekaze hapa na pale, basi.”

“Ondoa kiwiko kwenye meza yangu. Ugonjwa wake nini?”

“Haina ugonjwa. Ikiwashwa inakwenda sawasawa kama mstari wa rula. Ila nikiizima tu, ndege inalala kushoto ghafla, kama mtu kaisukuma. Mimi nimeshazoea, usukani naushikilia kwa goti.”

“Kwa goti.”

“Kwa goti, ndiyo. Huwezi kuelewa, wewe si rubani.”

“Namshukuru Mungu kila siku. Na hiyo otopailoti ni ya aina gani?”

Kapteni akajinyoosha. “Nyota Tatu! Kibati si kipo pale kwenye dashibodi? Inashika mabawa, inashika mwelekeo, inashika kimo. Zilitengenezwa chache sana hizo.”

Habari ya goti Shangazi Sindano hakuisikia. Masikioni ilimfikia, lakini alikuwa na desturi ya kuyachuja maneno ya marubani kabla ya kuyaruhusu kuingia kichwani, na chujio lake lilikuwa na matundu madogo mno. Lililopita ni lile la Nyota Tatu. Akacheka kwa pua, akachukua tochi na kioo kidogo cha mkono, akatoka.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Otopailoti za ndege za zamani hazikuwa chombo kimoja, bali familia nzima ya visanduku: kimoja chenye vitufe mbele ya rubani, kingine nyuma ya dashibodi chenye jairo, yaani gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi na kuhisi ndege inapogeuka, kisha mota zilizofichwa ndani ya bawa na mkiani, ambazo ndizo zinazovuta kebo za usukani. Wengi wa watengenezaji wake walifunga milango zamani, na tangu hapo kila fundi aliyekuta kisanduku kibovu alikibadilisha kwa chochote kilichokubali kuingia kwenye tundu. Kibati cha mbele, kwa hiyo, kilieleza tu jinsi mashine ilivyokuwa siku ilipofungwa, kama picha ya harusi inavyoning'inia ukutani kwa watu walioachana. Anayetaka ukweli huhesabu mota, kisha husoma namba iliyogongwa mgongoni mwa kila kisanduku.

Alilala chali chini ya dashibodi, miguu ikiwa nje ya mlango, akaingiza kioo nyuma ya visanduku na kuzisoma namba kinyumenyume. Hapakuwa na Nyota Tatu yoyote. Kilichokuwepo ni mdogo wake wa mwisho, Nyota Moja, mashine iliyoundwa kushika mabawa na mwelekeo, basi. Kitufe cha kimo kilikuwepo, tena kimeng'aa kwa kubonyezwa, lakini alipozifuata nyaya zake kwa vidole alizikuta zimekatwa karibu tu na zilikoanzia na kuzungushiwa utepe mweusi. Akatoka, akaenda mkiani, akafungua kifuniko na kuchungulia. Kisha akamwita nduguye kwa sauti ya upole iliyomtia hofu kila aliyemjua.

“Kapteni, njoo uione mota yako ya kimo.”

“Iko wapi?”

“Hiyo hapo. Hata mabawa inayo.”

Kapteni akainama. Mahali pa mota palikuwa na kishikizo kitupu chenye matundu ya bolti, na juu ya kishikizo hicho nyigu walikuwa wamejenga, wanaingia na kutoka kwa starehe zao.

“Haiwezekani,” alisema. “Kile kitufe nakibonyeza kila safari, na kimo kinashika!”

“Hewa ikitulia, hata ukilala kimo kitashika. Umekuwa ukibonyeza utepe, mdogo wangu. Miaka yote hiyo unabonyeza utepe na kushukuru.”

Fundi wa injini, aliyekuwa chini ya ndege ya jirani, alicheka, kisha akajitia anakohoa.

“Aliyeifunga ni Bingwa,” Kapteni alisema, uso umemwiva. “Bingwa hakuwahi kukosea.”

Bingwa ndiye aliyeikalia meza ile kabla ya Shangazi Sindano. Alikuwa mtu wa maneno makubwa na bisibisi moja, na alipohamia mji mwingine aliacha sifa banda zima, pamoja na nati zisizo na mwenyewe ndani ya kila ndege. Kumtaja mbele ya Shangazi Sindano ilikuwa kutia mafuta kwenye moto. Safari hii, hata hivyo, alikuwa anapiga hesabu nyingine. Kanuni ya uwanja ilitaka mabawa na mwelekeo tu, kimo haikukitaja, kwa hiyo mashine ile duni ingetosha iwapo ilikuwa nzima. Alimwambia nduguye apande na kukaa kwenye kiti chake.

“Iwashe. Sasa zungusha mwelekeo upande wa kulia.”

Jairo likavuma, na usukani ukaanza kujigeuza wenyewe kuelekea kulia, polepole, kama unaoshikwa na mtu asiyeonekana.

“Haya. Urudishe kushoto kwa mkono. Ishinde.”

Hilo ndilo jaribio la kwanza la otopailoti yoyote. Kati ya mota na kebo kuna klachi, na kazi yake ni kuteleza: mashine ikichanganyikiwa angani, rubani aweze kuinyang'anya usukani kwa nguvu ya mkono mmoja. Kapteni alivuta kwa mkono wa kushoto. Usukani haukusogea. Akaongeza wa kulia. Kiti kikalia, mshipa wa shingo ukamsimama, na usukani ukaendelea kwenda kulia bila haraka, kama vile hakuna mtu aliyeugusa.

“Nimekaa vibaya,” alisema.

“Kaa vizuri.”

Akakaa vizuri. Hali ikawa ile ile.

“Unaona ilivyo imara?” alisema akihema. “Mashine za siku hizi zina nguvu hiyo?”

Shangazi Sindano alimtazama kwa muda, kama mtu anayetazama mchwa wakila mlango wake. Kisha alikwenda kwenye bawa, akafungua kifuniko cha chini na kuitoa mota. Nati ya klachi ilikuwa imekazwa hadi meno yake yameliwa, kupita mbali alama iliyochongwa na mtengenezaji.

“Hii ikipata wazimu ndani ya wingu, utaibembeleza?” aliuliza. “Utaiimbia?”

Aliilegeza hadi kwenye alama, akaifunga tena mahali pake, akarudia jaribio. Safari hii Kapteni aliushinda usukani kwa mkono wake mbovu, klachi ikateleza kwa mlio mdogo wa kukwaruza. Shangazi Sindano akafuta mikono kwa tambara. Kwa maoni yake kazi ilikuwa imekwisha, na Bingwa alikuwa amefukuliwa na kuzikwa upya.

Kapteni alirusha ndege yake baada ya chakula cha mchana, kwenye anga jeupe lisilo na wingu, na alirudi upesi kuliko alivyotarajiwa. Alishuka akiacha mlango wazi.

“Umeiua! Ilikuwa simba, umeifanya paka. Nikiiwasha inakwaruza tu, na ndege inakwenda zake kushoto. Haishiki kitu!”

“Haiwezekani.”

“Panda uone.”

“Mimi sipandi.”

“Basi ikaze ilivyokuwa. Mkaguzi anafika kesho asubuhi.”

“Sikazi. Hukuweza kuishinda hapa chini, umekaa kwenye kiti kama bwana harusi. Huko juu utaishinda?”

“Nitatumia mikono miwili.”

“Na redio utaishika kwa meno?”

Kapteni alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyepoteza kitu humo, akaivaa tena. “Dada,” alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Akiikataa, mimi nimekwisha. Unajua hilo?”

Alilijua. Akarudi kwenye mashine na kuipima tena kutoka mwanzo: umeme, jairo, nyaya, ulegevu wa kebo. Kila kitu kilikuwa sawa. Alikuwa na mashine nzima iliyokataa kufanya kazi, na jambo hilo lilimuudhi kuliko mashine mbovu kumi.

Akiwa katika hali hiyo aliingia wifi yake, mke wa Kapteni, akiwa na chupa ya chai. Alimimina kikombe, akakiweka mbali na vyombo kama alivyofunzwa kwa kukaripiwa, akaketi kwenye kasha tupu.

“Nasikia imekufa, wifi.”

“Haijafa.”

“Hata ingekufa, isingekuwa vibaya sana.”

Shangazi Sindano akainua macho.

“Shati mimi ndiye ninayemvalisha,” wifi alisema kwa sauti ya chini. “Mkono haupandi. Usiku analala ameketi. Kwa watu anasema amepona, na watu wanamwamini kwa sababu ya ile kofia. Sikuombi uiharibu, wifi yangu. Nasema tu, ikishindikana, ishindikane.”

“Kwa hiyo nimwachishe mumeo kazi kwa bisibisi?”

“Nani mwingine atamwachisha?”

“Zungumza naye.”

“Nimezungumza hadi nimechoka. Anakusikiliza wewe tu, tena mkitukanana.”

Shangazi Sindano alimwambia, bila kumung'unya maneno, kwamba mtu mwenye ugomvi na mumewe asijifiche nyuma ya klachi. Mashine ikiwa nzima atatia saini, ikiwa mbovu hatatia, na mambo ya shati yakaamuliwe huko huko shati linakovaliwa. Wifi alifunga chupa yake ya chai, akaondoka bila kuaga. Kikombe kilipoa pale pale kilipowekwa.

Ndipo aliposikia changarawe ikilia nje, akageuza shingo. Kapteni, kwa hasira, alikuwa anairudisha ndege bandani peke yake. Ukutani palikuwa na chuma maalumu cha kuvutia, kinachonaswa kwenye gurudumu la mbele, lakini yeye hakukigusa. Alikuwa amesimama nyuma ya bawa la kushoto, ameweka kiganja cha mkono wa kulia kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, na anasukuma kwa uzito wake wote.

“Toa mkono!”

Ukelele huo ulimfanya fundi wa injini aangushe spana. Kapteni aliganda. Shangazi Sindano alifika pale akikaribia kukimbia, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, akainama na kufumba jicho moja, akautazama ukingo wa bawa kama seremala anavyoutazama ubao kama umenyooka. Kwenye kile kibawa kidogo cha nyuma, kinachopanda na kushuka ili ndege ilale upande, kulikuwa na kipande chembamba cha bati cha urefu wa kiganja, kilichowekwa hapo ili mafundi wakikunje kidogo ndege isipokwenda sawa. Kipande hicho kilikuwa kimepinda kuelekea chini kama ncha ya kandambili iliyochakaa.

“Umekuwa ukiisukuma hivi tangu lini?”

“Tangu niinunue.”

“Kila siku?”

“Kila nikirudi. Kile chuma ni cha wanafunzi.”

Alisimama hapo akiwa na kidole juu ya bati, na mambo yote yakajipanga mbele yake. Upepo ulikipiga kipande kile kilichopinda, kikakisukuma kibawa juu, na bawa la kushoto likashuka. Mashine ilikuwa inapigana na ndege iliyopotoka, kila safari, kimya kimya. Iliposhindwa, Bingwa hakuuliza inapigana na nini. Aliikaza ipigane zaidi. Na ilipozimwa, vita vilikoma na ndege ikaanguka upande ule ule ilikotaka kwenda siku zote. Yote hayo mdogo wake alikuwa amemweleza asubuhi, kwa kinywa chake mwenyewe, pale kwenye meza.

Alitafuta tusi la kumpa. Yalimjia mengi, mazuri, lakini kila alilolichukua aliona linamtosha na yeye.

“Uliniambia habari za goti,” alisema.

“Nilikuambia.”

“Nilikusikia.”

“Hukunisikia.”

“Haya, sikukusikia. Kalete vipande viwili vya mbao.”

Alikibana kipande kile cha bati kati ya mbao mbili na kukinyoosha kidogo, unene wa unywele. Kapteni akaruka, akarudi, akaonyesha kwa kiganja jinsi ndege ilivyoinama. Dada yake akakinyoosha tena. Kapteni akaruka tena. Jua lilipoanza kugusa paa la banda, Kapteni alishuka mara ya mwisho, akafunga mlango taratibu. Na kwa mtu kama yeye, huo ulikuwa wimbo wa furaha. Kisha alikwenda ukutani, akakitoa kile chuma cha kuvutia, akaanza kutafuta kinanasa wapi.

“Mbele,” Shangazi Sindano alimwambia. “Gurudumu lililo mbele. Ndilo lile lisilo na mwenzake.”

Uwanja ule ulikuwa na mazoea yake, na moja lilikuwa hili: fundi aliyetia saini kazi inayojaribiwa angani hupanda ndege hiyo siku ya jaribio. Aliyelianzisha, yasemekana, alikuwa mtu aliyechoka kuzika marubani. Shangazi Sindano alikuwa amelikwepa zoea hilo maisha yake yote, kwa kuwa saa za kimo na dira hupimwa mezani. Otopailoti haina meza. Asubuhi iliyofuata alitia saini, akajifunga mkanda kwenye kiti pekee cha nyuma, akashika mkoba wake mapajani kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sweta, aliyezungumza kana kwamba kila neno linatozwa ushuru. Aliketi kulia mwa Kapteni, akaigusa dashibodi kwa kalamu.

“Aina?”

Kapteni alikohoa. “Nyota... Moja.”

“Kibati kinasema Tatu.”

“Kibati kinasema mengi,” Shangazi Sindano alisema kutoka nyuma.

Mkaguzi akaandika neno moja. Wakaruka.

Shangazi Sindano aligundua mara moja kwamba alikuwa na haki ya kuudharau urubani miaka yote hiyo. Kulikuwa na kelele, kulikuwa na harufu ya petroli, na walipoingia kwenye wingu hapakuwa na kitu chochote cha kutazama. Ilikuwa kama kufungiwa ndani ya gunia la pamba linalotikiswa. Watu hawa hujisifia hiki? Alikaza macho kwenye mishale yake, kwa kuwa hao ndio watu pekee humo ndani aliowaamini.

“Achia,” mkaguzi alisema.

Kapteni akaondoa mikono. Mishale ikatulia. Mabawa yalisimama sawa, dira ikakaa mahali pake, na mashine ile duni ikashika ndege bila kukwaruza hata mara moja, kwa sababu haikuwa na mtu wa kupigana naye. Mkaguzi akaizima kwa ghafla. Ndege haikulala upande wowote. Akaiwasha tena, na bila kusema neno akazungusha kitufe cha mwelekeo hadi mwisho. Bawa la kulia likaanza kuzama ndani ya weupe.

“Ishinde. Mkono mmoja.”

Kutoka kwenye kiti cha nyuma Shangazi Sindano aliona jambo ambalo mkaguzi, aliyekuwa anatazama vyombo, hakuliona. Aliliona bega la mdogo wake, lile la kushoto, maana rubani hushika usukani kwa mkono huo. Lilinyanyuka nusu, likasita kama mota yenye meno yaliyovunjika, kisha likapita pale liliposita kwa nguvu ya kuumia. Klachi ikateleza. Mabawa yakarudi sawa.

“Tena.”

Akafanya tena. Safari hii alivuta pumzi kwa meno, taratibu, ili isisikike.

“Inatosha,” mkaguzi alisema. Akaandika mstari mzima, jambo ambalo kwake lilikuwa kama hotuba.

Walipotua, ruhusa ilikuwa imepatikana. Mkaguzi alimpa Kapteni mkono, akamwinamia kidogo Shangazi Sindano, akaenda kwenye gari lake. Banda zima likamzunguka Kapteni. Alikuwa ameshaanza kueleza jinsi alivyoitambua mwenyewe hitilafu ile, kwa hisia tu, kupitia goti, na jinsi watu wasioruka wanavyochelewa kuelewa mambo ya hewani. Alieleza kwa mkono wa kulia, anaupunga huku na huku, anachora mawingu. Wa kushoto aliuacha mfukoni. Pembeni wifi alikuwa amesimama, ameikumbatia chupa ya chai, anatabasamu kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni mbele ya wageni.

Shangazi Sindano alishuka mwisho. Alikuwa na maneno tayari kuhusu goti lile, maneno yaliyonolewa vizuri, na watu walikuwa wanayasubiri. Akapasua katikati yao hadi alipofika mbele ya mdogo wake.

“Lete mkono.”

“Mkono gani?”

“Huo uliofichwa.”

“Dada, bwana, mbele za watu...”

“Lete.”

Aliutoa. Shangazi Sindano akaushika kwenye kiwiko, akaweka kiganja chake kingine juu ya bega, akaunyanyua polepole kama anavyojaribu kebo, akisikiliza kwa vidole. Ulipofika pale uliposita angani, ukasita. Kapteni alifumba macho.

“Hapa,” alisema Shangazi Sindano.

“Hapo,” alikubali kwa sauti ndogo.

Watu walikuwa wameanza kutawanyika wenyewe, kila mmoja amekumbuka kazi.

“Utakwenda kwa daktari wa mifupa,” alimwambia. “Kesho. Usipokwenda, nafuta saini yangu.”

“Saini haifutiki, Dada.”

“Nijaribu.”

“Kesho nina safari. Dawa za watu ziko pale zimeshapakiwa, unaziona.”

“Keshokutwa.”

“Keshokutwa nilitaka...”

“Ulitaka nini?”

Aliigusa kofia yake, akamtazama mkewe, akayatazama mabati ya paa. Dada yake alikuwa bado ameushikilia mkono, wala hakuonyesha dalili ya kuuachia.

“Keshokutwa,” Kapteni alisema.

“Wifi,” Shangazi Sindano aliita bila kugeuka, “umesikia? Keshokutwa. Na wewe unakwenda naye, maana huyu akiulizwa anaumwa wapi, atasema kwenye goti.”